Vidole Viwili Kutoka Kwenye Soketi

"Una dakika sitini," Mhandisi Hulda Lyatuu aliniambia huku akiigusa saa yake. "Kukata waya hakuruhusiwi, kubadilisha kifaa hakuruhusiwi. Kutazama na kupima tu."

"Salamu kwanza, binti."

Akasita. Yeye ana miaka thelathini na kitu, mimi nina hamsini na sita. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya, sasa nifungulie."

Sikusema hivyo kwa kumchukia. Nilisema kwa sababu mimi si mtu wa kukimbizwa na saa ya mkononi. Nilishika waya wa gari kabla huyu binti hajajua kuandika jina lake, na kutoka Tunduma hadi Morogoro, ukiwataja mafundi umeme ukafika kwa Atuganile wa Makambako, hakuna atakayekuuliza Atuganile yupi.

Lori lilikuwa mbele yetu kwenye yadi ya Baraza la Barabara, Iringa, pua imebonyea na kioo kimemeguka. Ni yale ya kampuni ya Tembeza, yanayojiendesha, tairi ishirini na mbili. Halina usukani. Lina kiti kimoja tu cha binadamu, maana sheria inataka kila lori liwe na mwangalizi, na mbele ya mwangalizi kuna kitufe kimoja chekundu. Akikibonyeza, lori linaacha kujiendesha papo hapo na kumkabidhi yeye breki, mwendo na kijiti cha kukatia kona.

Mwangalizi wa lori hili aliitwa Zabroni Kilasi, na siku hiyo alikuwa rumande akingoja kesi yake ya kesho. Wiki sita kabla, lori likiteremka Kitonga na mzigo wa mbao, liliandika kwenye kumbukumbu yake: KITUFE KIMEBONYEZWA. Likaachia kila kitu. Zabroni, ambaye alikuwa anamenya chungwa, alitumia sekunde nne kuelewa kwamba lori sasa ni lake. Mteremko wa Kitonga haumngoji mtu sekunde nne. Lori lilivunja ukingo na kuangukia mabanda ya vitunguu chini ya mlima, na mama mmoja, Bi Semeni, akapoteza mguu wa kushoto.

Zabroni aliapa kwamba hakukigusa kitufe. Alikuwa na chungwa mkono mmoja na kisu mkono wa pili. Lakini sheria ya barabara siku hizi ni fupi, hata watoto wa chekechea wanaijua: lisiloandikwa na gari halikutokea, na lililoandikwa limetokea. Alikuwa anaingojea miaka saba jela. Sheria hiyohiyo inampa mshtakiwa shahidi mmoja wa kulikagua gari kwa saa moja, na Zabroni, badala ya kumwita mhandisi kutoka Dar es Salaam, akasema niitwe mimi. Siwezi kudanganya, nilijivunia. Nilivaa ovaroli jipya.

"Kifuniko cha fyuzi kimefunguliwa," lori likasema kwa sauti yake ya upole, kama mtangazaji wa taarifa ya vifo.

Mwenzangu Obeid Mwinuka akawasha tochi. Tumefanya kazi gereji moja miaka ishirini na miwili, na anajua nitakapotaka mwanga kabla sijasema.

Hulda, ambaye ni mhandisi wa Tembeza, alichomeka Msomaji wake, kile kibao cheupe kinachozungumza na akili ya lori. Bila Msomaji hakuna anayeruhusiwa kutengeneza Tembeza yoyote, na Msomaji anashikwa na mafundi wenye leseni ya kampuni peke yao. Nchi nzima hawafiki mia mbili. Lori likizimika Makambako na nyanya ndani, fundi wa leseni atafika baada ya siku tatu, na nyanya hazina subira hiyo. Ndipo mwangalizi anapokuja gerejini kwetu akijikuna kisogo: "Fundi, naona kuna fyuzi imeungua." Wote tunajua si fyuzi. Lakini kifuniko cha fyuzi ndicho kitu pekee ambacho sheria inamruhusu kila mtu akifungue, kwa hiyo ninaingiza mkono humo hadi begani, ninatibu ninachotibu, na lori linaamka bila kujua limefanyiwa nini. Linaandika: FYUZI IMEBADILISHWA. Nimebadilisha "fyuzi" za namna hiyo kwa miaka mingi kiasi kwamba nusu ya malori haya yanatembea kwa mkono wangu, na hakuna hata moja linalojua.

"Mzunguko wa kitufe uko sawa," Hulda akasoma. "Hakuna upinzani wa kutaja. Nimeupima mara arobaini, mama. Sipendi kukupotezea muda, lakini waya ni mzima."

Nikatoa testa yangu mfukoni. Bulbu ya indiketa ya zamani, nyaya mbili, sindano upande huu na kibanio upande ule. Hulda akacheka, akajizuia.

"Hiyo si ya makumbusho?"

"Hata mimi ni wa makumbusho, na bado nafanya kazi. Sikiliza, binti yangu. Msomaji wako ni mtu wa kupita mlangoni na kusalimia. 'Hamjambo humu?' Waya unaitikia 'hatujambo', naye anaandika hawajambo na kwenda zake. Testa yangu inaingia ndani na kuomba ibebewe gunia. Bulbu inataka umeme wa kweli uupashe moto ule uzi wake. Waya uliobakiwa na unywele mmoja wa shaba unaweza kuitikia salamu. Gunia hauwezi."

Nikabana kibanio kwenye bodi ya lori, nikagusa sindano mahali umeme unapotoka, karibu na fyuzi. Bulbu ikawaka nyeupe, safi. Kisha nikanyoosha mkono hadi nyuma ya soketi ya kitufe, nikagusa hapo.

Ikawaka nyekundu, hafifu, kama kaa linalotaka kuzimika.

Hulda akainama karibu. "Rudia."

Nikarudia. Nyeupe kule, nyekundu huku. Uso wake ukabadilika, na hapo ndipo nilipoanza kumpenda, maana kuna wahandisi ambao uso wao haubadiliki hata uwaoneshe nini.

"Umeme unapotelea kati ya hapa na hapa," nikasema. "Kitufe hiki kimetengenezwa kwa akili. Umeme unazunguka ndani yake muda wote, na kukibonyeza ni kuukata. Walifanya hivyo ili kikiharibika lolote, lori limkabidhi binadamu. Lakini maana yake ni kwamba kwa lori, waya uliokatika na kidole cha Zabroni ni kitu kimoja. Pale Kitonga lilitikisika, ule unywele ukaachia kidogo, basi. Lilipotulia, ukagusana tena, ukaanza kuitikia salamu zako."

"Nataka kulipima hilo kutokea ndani," Hulda akasema, tayari anapanda kwenye kiti cha mwangalizi na kibao chake. "Tafuteni mlipo. Msikate!"

Nikafumba macho. Waya unatafutwa kwa vidole, macho ni ya kusindikiza. Nilitambaa nao kutoka kwenye soketi, polepole, na sikwenda mbali. Upana wa vidole viwili tu, upande wa chini, nikakuta uvimbe mdogo, laini, kama upele unaotaka kuiva. Nikaugeuza waya kuelekea kwenye tochi.

Ngozi ya plastiki ilikuwa na tundu dogo kuliko la sindano ya hospitali, na pembeni mwake unga wa kijani, kutu ya shaba. Na juu ya unga huo, kikining'inia kwa ncha moja, kulikuwa na kipande cha rangi nyekundu kama gamba la dagaa.

Nilisikia Obeid akivuta pumzi. Hakuhitaji kuuliza.

Nieleze, maana asiye wa kazi hii hawezi kujua. Sisi mafundi wa mkono tunapotafuta umeme katikati ya waya, tunautoboa kwa sindano ya testa. Tundu ni dogo, lakini maji hayahitaji mlango mkubwa. Kwa hiyo ukitoboa lazima uzibe, na tunaziba kwa rangi ya kucha, tone moja, na kila fundi Makambako ana rangi yake. Ya Obeid ni zambarau. Watu walimtania mpaka wakachoka. Yangu ni nyekundu. Aliyenifundisha, marehemu Fundi Nsolo, alinifundisha pia mahali pa kutoboa: vidole viwili kutoka kwenye soketi, upande wa chini, ili maji yakija yadondoke yasituame. Alinifundisha mimi peke yangu, na mimi sijamfundisha mtu.

Na nilikumbuka. Masika yaliyopita, lori hili lilizimika Makambako likiwa na mwangalizi mwingine. Nilitoboa hapo, nikagundua kasoro ni relei, ile swichi ndogo inayowashwa na umeme, nikaibadilisha, nikaziba. Wiki ile chupa yangu ya rangi ilikuwa imeganda. Badala ya kutuma mtu dukani, niliizimua kwa thina ya jirani yangu anayepiga magari rangi. Kila fundi anajua kwamba thina ile inaila plastiki. Rangi inakauka, inang'aa, unajisifu, halafu baada ya miezi inabanduka. Nilijua. Nilisema ni mara hii moja.

Mguu wa yule mama.

"Atu," Obeid akanong'ona. "Kikwangue."

Nilikuwa tayari nimeweka kucha ya kidole gumba juu ya kile kipande. Sijui nilikiweka saa ngapi.

"Kikwangue, mambo yaishe. Bila rangi hili ni tundu tu. Watasema waya mbovu wa kiwandani, Zabroni anatoka, kampuni inalipa bima yao. Nani anaumia hapo?"

"Obeid, ni langu."

"Najua ni lako! Kwani mimi kipofu? Ndiyo maana nakwambia. Jina lako likiingia kwenye kumbukumbu ya lori moja limeingia kwenye yote, yanaambiana. Hakuna lori litakalokufungulia hata kifuniko cha fyuzi mpaka unaingia kaburini. Utafanya nini wewe? Utauza maandazi? Hujui hata kukanda."

Hilo lilikuwa kweli, sijui kukanda. Sijui kitu kingine chochote duniani. Nimezeeka na harufu ya lehemu kwenye nywele, na ninapoingia gerejini asubuhi nikakuta foleni ya malori yaliyokufa, ninajisikia kama bibi harusi. Ukininyang'anya hayo sijui nitabaki nani.

"Chupa ile sikuitumia siku moja," nikasema. "Niliitumia wiki mbili. Malori kumi na moja mengine yana matundu ya namna hii. Ninayakumbuka yote. Wakisema ni waya wa kiwandani, watatafuta waya wa kiwandani. Hayo kumi na moja yataendelea kushuka Kitonga."

"Tutayavizia yakipita. Tutaziba upya kimyakimya."

"Yangapi yanapita Makambako sasa? Mengine yamehamishiwa Tabora. Na masika yanaanza."

Obeid akazima tochi, kama vile giza lingesaidia. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali. Tuliendelea kukiona kile kipande vilevile.

"Dakika tano zimebaki," lori likasema.

Hulda akashuka. Nikaondoa kucha yangu. "Njoo utazame, Mhandisi. Usiguse."

Alitazama kwa muda mrefu. Akapiga picha, akapiga nyingine. "Ni hapa," akasema, kwa sauti ya mtu aliyepoteza hoja na kupata kitu bora zaidi. "Mama, ungeniambia jana kwamba bulbu itamshinda Msomaji ningekucheka. Na hii nyekundu ni nini?"

"Nitakujibu kesho mbele ya Baraza," nikasema, na hata mimi sikujua nitajibu nini.

* * *

Ukumbi ulijaa. Mwenyekiti wa Baraza, Ponsiano Haule, alikaa mbele akiwa amevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Zabroni aliletwa na askari wawili. Amekonda, shati linamning'inia. Bi Semeni alikaa mstari wa kwanza, magongo yake yameegemezwa kwenye kiti cha jirani, na alikuwa anamtazama Zabroni bila kupepesa.

Hulda alieleza vizuri kuliko ambavyo ningeeleza mimi. Alisema waya ulikuwa umeliwa na kutu, lori lilidanganyika, kitufe hakikubonyezwa. Alisema pia kwamba kifaa cha kampuni kilishindwa kuliona jambo hilo mara arobaini na kwamba fundi Atuganile Mwaipopo aliliona kwa bulbu, mara moja. Ukumbi ulipiga makofi. Watu wa Makambako waliokuja na mimi walipiga na miguu. Siku nyingine ningesimama niwapungie.

"Na tundu lilitokana na nini?" Mwenyekiti akauliza.

"Linaonekana ni la sindano, Mheshimiwa. Lakini lori halina kumbukumbu ya kutobolewa. Kwa sheria yetu, halikutobolewa."

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. "Basi tuna nafasi mbili za kuandika chanzo. MWANGALIZI, au HITILAFU YA KIWANDA. La kwanza limeshindwa. Nitaandika la pili, na ndugu Zabroni Kilasi yuko huru."

Zabroni akafunika uso kwa mikono. Mke wake akapiga kigelegele nyuma kule. Obeid akanikanyaga mguu chini ya benchi, kwa nguvu, maana yake: kaa hivyohivyo.

Jamani, nilikuwa nimeshasamehewa bila kuomba. Sikutakiwa hata kusema uongo, nilitakiwa kukaa tu. Lakini niliiwaza ile sentensi ikiandikwa, hitilafu ya kiwanda, na kitu kikanipanda kifuani, nacho hakikuwa huruma peke yake, wala woga wa Mungu peke yake. Kilikuwa hasira. Kwa miaka mingi kazi yangu nzuri imeandikwa kwa jina la fyuzi. Na sasa hata kosa langu wanataka kumpa mtu mwingine.

Nikasimama.

"Mheshimiwa, waya wa kiwanda ulikuwa mzima. Tundu lile ni langu."

Kelele zilizofuata sitazieleza. Mwenyekiti aligonga meza mpaka miwani ya kichwani ikaanguka. "Fundi, unaelewa unachosema?"

"Ninaelewa. Nilitoboa masika yaliyopita, nikaziba kwa rangi niliyoizimua na thina. Rangi imebanduka, maji yameingia. Kile kipande chekundu kwenye picha ya Mhandisi ndiyo rangi yenyewe."

"Gari halina kumbukumbu ya wewe kuligusa."

"Gari halina kumbukumbu ya mimi kugusa gari lolote, Mheshimiwa. Hapo yadini kuna malori arobaini ya Tembeza. Chagueni mnayotaka, mfungue vifuniko vya fyuzi. Mtakapokuta tone jekundu, vidole viwili kutoka kwenye soketi, upande wa chini, huo ni mkono wangu. Kisha mniambie kama sikuyagusa."

Tukatoka wote hadi yadini, wakafungua sita. Hulda mwenyewe aliingiza mkono, shavu limebanwa kwenye bati, na kila alipokuta aliita kwa sauti. Katika sita, manne yalikuwa na tone jekundu. Moja lilikuwa nayo matatu.

"Hili?" akaniuliza.

"Relei ya taa za nyuma. Lilikuwa na nyanya, mwangalizi alikuwa na homa, nilimlaza kwenye benchi gerejini."

"Na hili?"

"Betri ndogo ilikuwa inavuja umeme. Ilinichukua mchana mzima kulipata hilo. Tazama nilivyolifunga, tazama hiyo tepu. Kuna anayefunga hivyo?"

Alitazama. "Mama," akasema taratibu, "kwenye rekodi zetu malori haya hayajawahi kuharibika. Tunayaonesha kwa wageni."

"Najua. Waonesheni vizuri."

Nilijua napaswa kuwa na unyenyekevu saa ile, na mguu wa mtu uko mikononi mwangu. Lakini nilikuwa nimesimama kati ya kazi zangu na mwanga ulikuwa mzuri, na kila tone lilikuwa limekaa mahali pake, limeziba, kavu. Nilikuwa na aibu na fahari kwa pamoja, na sikuona sababu ya moja kumfukuza mwenzake.

Tuliporudi ukumbini nilitaja namba za yale malori kumi na moja kwa kichwa, moja baada ya jingine, na mahali tundu lilipo kwenye kila moja. Hulda aliandika kwa mkono, kisha akatoka mbio na kwenda kupiga simu. Matatu yalikuwa barabarani wakati ule. Moja lilikuwa Ilula, limebakiza kilomita chache kufika kwenye mteremko, na walilisimamisha hapo.

Bi Semeni alinyanyuka kwa magongo yake. Hakuna aliyemzuia.

"Kumbe ni wewe," akasema.

"Ni mimi, dada."

"Wiki sita nimekuwa namchukia huyu baba." Akamwonesha Zabroni kwa kidevu. "Kila siku nikiamka, naanza naye. Leo unaniambia nilikuwa namchukia mtu siye."

"Nisamehe."

"Sikusamehi leo. Mguu wangu unaniwasha usiku, na haupo. Labda siku nyingine." Alinitazama kutoka chini hadi juu. "Lakini angalau sasa nitamchukia mwenyewe."

Nikasema ahsante, na nilimaanisha.

Mwenyekiti alisoma uamuzi wake baada ya saa moja. Zabroni huru. Chanzo cha ajali kiandikwe kama kilivyo, na aliyetoboa waya asiguse tena gari la kujiendesha lolote, mahali popote, maisha yake yote. Alisema sheria ya kwamba lisiloandikwa na gari halikutokea ataipeleka Bungeni akaiulize imekuwa ikificha nini kingine. Hilo sijui litafika wapi.

Hulda alichomeka Msomaji kwenye lori lililobonyea, nami nikasimama kando yake, na Baraza zima nyuma.

"Jina."

"Atuganile Mwaipopo."

Akaandika. "Kazi." Akasita, akainua kibao anioneshe. "Hakina neno fundi kwa asiye na leseni. Kina MTU ASIYE NA IDHINI peke yake."

"Basi usiandike kitu mpaka kiwe nalo."

"Mama, ni neno tu la kwenye fomu."

"Kwako wewe ni la fomu. Mimi nimekubali kosa, sijakubali kuitwa mtu tu. Andika fundi."

Hulda akamtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti alivua miwani yake, akaipangusa kwa tai. "Nani kati yetu aliyeiona kasoro hiyo?" akauliza. "Andika fundi. Kikikataa, kilazimishe."

Ilimchukua dakika kumi kukilazimisha. Kisha akabonyeza, na jina langu likaenda.

Zabroni alinifuata hadi mlangoni. Alikuwa bado hajui afanye nini na mikono isiyo na pingu. "Fundi, ungekaa kimya ningetoka vilevile."

"Ungetoka. Halafu wangekupandisha lori jingine, nami ningekaa Makambako nikijiuliza ni lipi."

Akanishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, akamkimbilia mkewe.

Obeid alikuwa ananingoja na begi langu la vifaa begani. Macho yalikuwa mekundu na hakujisumbua kuyaficha. "Kuna mlango mdogo upande wa nyuma," akasema. "Tupite huko. Huku mbele malori yamepanga mistari miwili, yameshapata habari zako. Hakuna haja ya kuaibishwa."

"Nipe begi langu."

"Atu, acha ubishi."

"Nipe, nilibebe mwenyewe."

Nikaingia katikati ya mistari miwili. Lori la kwanza lilikuwa hatua tano mbele yangu liliponiona. Kifuniko chake cha fyuzi kikajifunga, kla, na ile sauti ya upole ikasema, "Samahani, Fundi Atuganile Mwaipopo. Huruhusiwi kunigusa."

Nikasimama. Miaka yote hiyo, nikiingiza mkono, yalikuwa yananiita mtu asiyejulikana. Mtu asiyejulikana yuko kwenye kifuniko. Mtu asiyejulikana ameondoka. Nililijua lori hili. Nililitoa Igawa likiwa limekufa kabisa, kwenye mvua, na halikuwahi kuniambia hata ahsante. Sasa lilinitaja kwa jina langu lote, pamoja na la baba yangu, na kazi yangu mbele, bila kukosea hata silabi.

"Samahani, Fundi Atuganile Mwaipopo," likasema la pili. Kla. La tatu likadakia, na la upande wa pili.

Yaliniuma, sitasema hayakuniuma. Machozi yalinitoka mbele za watu. Lakini nilinyoosha mgongo, nikahamishia begi bega la pili, na nikapunguza mwendo, ili yote arobaini yapate nafasi ya kulitaja jina langu.